Kula Nje na Mtoto Mwenye Mzio wa Njugu, Unguja na Pemba

Mwanangu alikuwa na miaka sita siku aliyokunywa juisi ya parachichi kwenye duka moja la juisi mjini. Tuliuliza kabla ya kuagiza. "Juisi hii ina njugu?" Kijana alitabasamu, akasema, "Hamna neno, mama." Na kweli kwenye ile juisi hakutia njugu. Ila blenda ile ile, dakika chache nyuma, ilikuwa imesaga maziwa na njugu kwa mteja mwengine, kisha ikasuuzwa kwa maji matupu. Gilasi haijafika nusu, midomo ya mwanangu imeshavimba, anajikuna shingoni, na anakohoa kikohozi kikavu ambacho mpaka leo nikikisikia kwa mtoto wa mtu nasimama.

Tulimuwahi, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile nilifahamu kwamba "hamna neno" si jibu la suali langu. Kijana hakunidanganya. Alinijibu kwa ukarimu, kama tulivyolelewa kumjibu mgeni. Mimi ndiye niliyeuliza suali ambalo lilimpa nafasi ya kuwa mkarimu badala ya kuwa mkweli. Mwongozo huu nimeuandika kwa mzazi mwenye mtoto kama wangu, na kwa mtu mzima mwenye mzio huo ambaye amechoka kula nyumbani kila siku. Kula nje visiwani kwetu kunawezekana. Kunataka matayarisho, na kunataka ulimi.

Kabla ya yote: jina la kitu chenyewe

Njugu ninazozisema hapa ni zile ambazo Bara wanaziita karanga, zinazouzwa zimekaangwa kwenye vikaratasi vilivyosokotwa. Zimo kwenye jamii moja na kunde na maharage, wala si ndugu wa korosho na lozi. Kwa hivyo yupo anayedhurika na njugu akala korosho bila tatizo, na yupo anayedhurika na vyote. Watu wengi wenye mzio wa njugu hula kunde, choroko na maharage wakawa wazima. Wewe au mwanao uko kundi gani, hilo hupimwa na daktari. Usilijaribu mezani.

Jina lenyewe lina mitego. Wahudumu wengi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje wametoka Bara. Ukimwambia mmoja wao "njugu", huenda akafikiria njugu mawe, akakwambia hapana kwa moyo safi kabisa huku mchuzi umejaa karanga. Ukisema "karanga" peke yake, nako kuna hatari yake. Wazee wetu husema kukaranga kwa maana ya kukaanga, na jikoni kuna moshi na kelele. "Sitaki karanga" inaweza kufika kwa mpishi kama vile unataka samaki asikarangwe. Mimi husema yote mawili kwa pamoja, "njugu, hizi karanga", na nina picha yake kwenye simu. Picha haina lahaja.

Kwenye vyakula vya pakiti soma nyuma. Maduka ya Darajani yamejaa biskuti na vitamutamu vya Oman, Dubai na India. Maandishi ya Kiingereza tafuta "peanut" au "groundnut". Kwa Kiarabu ni ful sudani. Kwenye mikahawa ya Kihindi wengine huita mungfali, na Wagujarati wengi husema sing. Kwenye mikahawa ya Kitaliano, ambayo pwani ya mashariki iko mingi, neno ni arachidi.

Hatua ya kwanza: begi

Ikiwa daktari amekuandikia kalamu ya adrenalini, yaani sindano ya dharura iliyofanywa mfano wa kalamu, hiyo haitoki mkononi mwako. Isiachwe hotelini, isiachwe kwenye gari, wala asipewe mtu aliyetangulia na gari nyengine. Kwa kawaida kalamu ya mtu mzima ina miligramu 0.3, na ya mtoto wa kilo 15 mpaka 30 ina 0.15, lakini kipimo cha mwanao ataamua daktari. Ziwe mbili, maana moja wakati mwengine haitoshi. Kalamu hizi hazipatikani kila famasi, kwa hivyo zungumza na daktari wiki kadhaa kabla ya safari, si siku ya kupanda boti.

Joto letu linaiharibu dawa hii. Inataka kukaa kwenye kiasi cha nyuzi 25, na miezi ya kaskazi gari lililofungwa vioo kwenye jua ni tanuri. Friji nayo si mahali pake, wala isigusane na barafu. Mimi ninayo kwenye kimfuko kinene ndani ya begi la bega, mbali na jua. Kila mwezi naitazama kwenye kidirisha chake: maji yake yawe meupe kama maji ya kunywa. Yakigeuka rangi kuelekea ukahawia, au tarehe ikapita, tafuta nyengine.

Vyengine ni vidogo: kipande cha sabuni, vitambaa vya kufutia vilivyo na unyevu, kijiko na sahani ya mtoto, biskuti unazoziamini asije akalia kwa njaa pale ambapo hakuna cha kula, na pumpu ya pumu kama ana pumu. Mwenye pumu pamoja na mzio wa njugu yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na pumu isiyotulizwa ni sababu ya kutosha ya kuahirisha kula nje siku hiyo.

Na ile dawa ya mikono ya spiriti tuliyoizoea tangu korona haiondoi njugu mikononi. Inaua vijidudu, lakini protini ya njugu, ambayo ndiyo inayoleta mzio, inabaki pale pale. Sabuni na maji ndiyo yanayoondoa, au kitambaa chenye unyevu ukifuta vizuri.

Hatua ya pili: wapi na saa ngapi

Nenda mapema. Mkahawa wa chakula cha mchana ukifika saa tano na nusu, mpishi ana nafasi ya kukusikiliza, makarai ni masafi, na mafuta hayajakaanga kila kitu cha siku nzima. Ukifika saa saba na nusu, watu wamejaa, upawa mmoja unazunguka sufuria nne. Usiku ni hivyo hivyo: Forodhani, kule kwenye vyakula vya usiku mjini, mara baada ya magharibi ni tofauti na Forodhani saa tatu.

Chagua mahali ambapo mpishi anaonekana. Kwa mtu mwenye mzio, mama lishe anayepika mbele yako kwenye sufuria tatu, na anajua kila alichotia kwa sababu alikwenda sokoni mwenyewe, mara nyingi ni salama kuliko hoteli kubwa yenye jiko usiloliona na muhudumu aliyeanza kazi juzi. Hoteli nazo zina uzuri wake: zile kubwa mpishi wao mkuu amefundishwa mambo ya mzio kwa sababu wageni wa Ulaya huuliza kila siku. Ukipiga simu siku moja kabla ukaomba kuzungumza na mpishi mwenyewe, utapikiwa kivyako. Ila chakula cha bufee nikwambie wazi: mimi simlishi mwanangu. Kijiko kilichochota saladi yenye njugu mgeni hukirudisha kwenye wali bila kujua, na hapana muhudumu anayeweza kulinda vijiko 30.

Na kabla hujaketi, jua hospitali iko wapi. Kutoka Nungwi mpaka mjini ni kiasi cha kilomita 60. Hospitali ya Kivunge iko njiani, karibu zaidi kuliko ya Mnazi Mmoja mjini. Ukiwa upande wa kusini iko Makunduchi. Pemba iko Abdulla Mzee Mkoani, iko ya Chake Chake, iko ya Wete, na kaskazini Micheweni. Uliza wenyeji ipi ya karibu na gari itapatikana vipi usiku. Vile visiwa vidogo na matembezi ya ngarawa ya kutwa nzima, chukua chakula chako mwenyewe. Ukiwa baharini hapana wa kukuwahi.

Hatua ya tatu: kuuliza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Usiulize suali linalojibika kwa "hamna". Ukiuliza "kina njugu?", umeshamfundisha mtu jibu unalolitaka, na watu wetu hawapendi kumvunja mtu moyo. Uliza "umetia nini na nini?" kisha nyamaza, umwache ataje mwenyewe. Mtu anayetaja vitu kimoja kimoja huwa anakumbuka. Na muulize aliyepika. Muhudumu anajua bei. Mpishi ndiye anayejua sufuria. Kama muhudumu atakwenda kumuulizia, mpe simu yenye picha, au karatasi iliyoandikwa, aende nayo.

Siku moja, kwenye mkahawa mdogo upande wa Mwanakwerekwe, mazungumzo yetu yalikwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante. Bibi, mchicha huu leo umeutia nini na nini?"

"Mchicha? Kitunguu, tungule, tui, chumvi. Basi."

"Na kisamvu?"

"Kisamvu nimekitia tui, na njugu za kutwanga kidogo. Wateja wangu wa Bara wanakipenda hivyo."

"Upawa unaotumia ni mmoja?"

Akautazama upawa wake, ulioko ndani ya kisamvu. "Mmoja, mwanangu. Kumbe kuna nini?"

Nikamwambia. Njugu zinamdhuru mwanangu, si kwa kuumwa tumbo, bali kwa kufungika pumzi. Yule bibi aliinuka, akaenda ndani, akatoa samaki ambao hawajaguswa, akawakaanga kwenye kaango safi kwa mafuta mapya, na wali akautoa chini ya sufuria kwa sahani iliyooshwa kwa sabuni. Angalia kwamba mchicha wenyewe ulikuwa salama kabisa. Lau ningeuliza "mchicha una njugu?", jibu lingekuwa hapana, na lingekuwa la kweli, na mwanangu angekula upawa wa kisamvu.

Kwa hivyo masuali yangu ni matatu, na sitoki mpaka nimepata majibu yote. Umetia nini na nini? Mafuta haya ni ya nini, na karai hili limeshakaanga nini leo? Na upawa, kisu, kinu, blenda, kibao cha kukatia, vimegusa njugu leo?

La mafuta linataka maelezo. Mengi tunayopikia ni ya mawese au alizeti. Mafuta ya njugu yaliyosafishwa kiwandani kwa kawaida hubaki na protini kidogo sana au hayana kabisa, lakini yaliyokamuliwa hivi hivi yanayo. Jikoni mwa mtu huwezi kujua ni yapi, kwa hivyo kwangu yote ni mwiko. Na usikubali hoja ya "imeshapita motoni". Kukaanga, kuchoma au kuchemsha hakuondoi sumu ya njugu kwa mtu mwenye mzio. Protini yake inahimili moto.

Ukieleza, usiseme "sipendi njugu" wala "sili njugu". Asiyependa hutiwa kidogo ili azoee. Usiseme hata "nina aleji" ukaishia hapo, maana kwa watu wengi aleji ni kujikuna. Sema: "Nikila njugu hata chembe pumzi inafungika, naweza kufa." Ni maneno mazito kuyasema mbele ya mtoto, najua. Mimi huyasema kwa sauti ya chini, nikiwa nimemkabili mpishi, na sijaona mpishi aliyeyasikia akayapuuza.

Karatasi yangu ina maneno haya, ichukue uifanye yako:

*"Kwa mpishi. Assalaam alaykum. Mtoto huyu ana mzio mkali wa njugu (karanga). Chembe ndogo tu inaweza kumfunga pumzi. Tafadhali usimpe chakula chenye njugu, siagi ya njugu, unga wa njugu au mafuta ya njugu, wala kilichopikwa, kukaangwa, kukatwa au kupakuliwa kwa chombo kilichogusa njugu. Osha mikono na chombo kwa sabuni kwanza. Ikiwa huna hakika, niambie huna hakika, nitashukuru sana."*

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Unampa mtu ruhusa ya kusema "sijui" bila ya aibu. Wengi wakisoma hapo hunyanyua kichwa na kusema, "Basi mama, hii bora usichukue, chukua hii."

Hatua ya nne: nini uagize

Samaki mzima wa kuchoma kwa ndimu na chumvi, wali wa nazi, muhogo au ndizi za kuchemsha, supu ya pweza, mayai ya kuchemsha: hivi vina vitu vichache, na kila kimoja kinaonekana. Dafu likipasuliwa mbele yako ni kinywaji bora kuliko juisi yoyote. Tunda mwambie akumenyee kwa kisu kilichooshwa, au umenye mwenyewe. Juisi sharti uione blenda inaoshwa kwa sabuni, na hapo tena uulize imesaga nini. Mimi baada ya siku ile tunakunywa maji ya miwa na dafu, basi.

Urojo unaniuma kuusema, maana hapana Mzanzibari anayekua bila ya urojo. Wenyewe, yaani unga, ukwaju na embe, hauna njugu. Hatari iko kwenye vinavyomiminwa juu: bajia, kachori, chatne, na vile vya kukaanga vilivyopondwa. Chevda za dukani mara nyingi zina njugu, na mkono ule ule uliochota chevda ndio unaochota bajia. Nimepata muuzaji mmoja mtaani kwetu asiyetumia njugu kabisa, na kwake tu ndiko tunakokula. Ndivyo utakavyofanya nawe: tafuta mmoja, mzoee, mletee wateja.

Forodhani, zile piza za Zanzibar hukaangwa kwenye chuma kimoja, za nyama na za tamu. Wapo wanaotia siagi ya karanga kwenye zile tamu, kwa hivyo hata ya nyama hatuli mpaka tujue chuma kimepika nini. Mishkaki na kamba wa kuchoma uliza wamerowekwa kwa nini, na ile sosi ya chupa ikatae.

Biriani na pilau: biriani hupambwa kwa zabibu, lozi na korosho, na korosho zikiwa ghali yupo mpishi anayetia njugu badala yake. Halua nayo kila mpishi ana vyake, wengine lozi, wengine korosho, wengine njugu. Kashata sihitaji kuieleza. Lakini hata kashata ya nazi mara nyingi hukatwa kwenye sinia moja na ya njugu, kwa kisu kimoja. Uji wa lishe kwenye chakula cha asubuhi cha nyumba za wageni mara nyingi una unga wa karanga. Aiskrimu ya kuchota ina kijiko kinachokaa kwenye maji yale yale kutwa. Mikahawa ya Kithai na Kichina hutumia njugu kwenye michuzi na hunyunyizia juu, na hapo mimi sikai kabisa. Kwa Wataliano uliza pesto, ile sosi yao ya majani ya kusaga, wengine huisaga kwa korosho au njugu.

Kahawa ya barazani ni kwa wakubwa wenye mzio, si watoto. Vikombe husuuzwa kwenye ndoo moja ya maji, na mdomo uliokula kashata ya njugu ndio uliokigusa kikombe kabla yako. Chukua kikombe chako kutoka nyumbani. Hapana atakayekucheka ukimwambia sababu.

Hatua ya tano: chakula kikishafika

Nawa kwa sabuni, na mtoto anawe. Futa meza mbele yake. Itazame sahani: kuna unga unaong'ara juu, kuna vipande usivyovitambua? Sahani ikija si ile mliyozungumza, usichambue njugu ukala kilichobaki. Irudishe, na upikiwe upya kwenye sahani nyengine. Kuondoa njugu juu ya saladi ni kuondoa zile unazoziona.

Aanze na kidogo, asubiri. Lakini wala usijidanganye na kuonja: mzio wa njugu huja ndani ya dakika chache kwa walio wengi, na kwa wengine unaweza kuchelewa mpaka kiasi cha saa mbili.

Sinia ya pamoja

Mkahawani unaweza kuinuka ukaondoka. Kwenye harusi, hitima au futari ya shangazi, huwezi. Na huko ndiko niliko na wasiwasi zaidi, kwa sababu tunakula sinia moja, mikono minne au mitano, na mapenzi ni mengi. "Kidogo tu hakimdhuru." "Mtoto anazoeshwa." Mama mkwe wangu, Mungu ampe umri, alikaa mwaka mzima akiamini kwamba nimemdekeza mtoto.

Mpigie simu mwenyeji siku mbili kabla, na usimlaumu kitu. Mwambie utakuja na chakula cha mtoto kwenye kibakuli chake na kwamba hutaki ajisumbue. Wengi watasema "lete tu mtoto, tutampikia". Hapo ndipo unapomuuliza umetia nini na nini. Mtoto akae sinia yake au kibakuli chake, karibu na mtu mzima mmoja anayejua. Mmoja kwa jina. Ikiwa wote wanamwangalia, hapana anayemwangalia.

Na ukikutana na mzee anayeona kukataa chakula ni kiburi, mkumbushe aya ya Suratul Baqara inayotukataza kujitia wenyewe kwenye maangamizo kwa mikono yetu. Mimi mwanzo nilimwomba sheikh wa mtaani kwetu aizungumze na mama mkwe. Walizungumza dakika kumi. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewafukuza watoto wenye vikaratasi vya njugu barazani kwake.

Ikitokea

Dalili huanza kwa namna nyingi: kuwashwa mdomo, vipele vya mabaka, kuvimba midomo na macho, kutapika, tumbo kukata. Zinazotisha ni hizi: sauti kukauka, kukohoa kusikokwisha, pumzi ya filimbi, ulimi kuvimba, kulegea, kuzirai. Si lazima vipele vije kwanza. Mtoto akila nje akaanza kukohoa na kulegea bila ya kipele hata kimoja, ichukulie kuwa ni mzio.

Adrenalini kwanza. Ichome upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya suruali, na uishike muda ulioandikwa kwenye kalamu yako. Vidonge vya aleji vinapunguza mwasho. Havifungui pumzi wala haviinui presha, na watu wanakufa wakisubiri kidonge kifanye kazi. Usingoje uone kama itapoa yenyewe. Dakika tano zikipita na hali haijabadilika, choma ya pili.

Mlaze chali, miguu juu ya begi au kiti. Akiwa pumzi inambana zaidi akilala, aketi na miguu inyooshwe. Akitapika au akizirai, alale ubavu. Asisimame ghafla na asitembezwe, hata kama anasema amepata nafuu; presha inaweza kuanguka akiinuka. Kwa sababu hiyo bodaboda si ya mgonjwa huyu, hata kama ndiyo iliyo mbele ya mlango na kila mtu anapiga kelele apandishwe. Tafuta gari, alazwe kiti cha nyuma, mtu mmoja akae naye.

Watu watakuletea maziwa, watakuletea dafu, watataka atapishwe kwa kidole. Kataa vyote kwa adabu. Maziwa hayafuti njugu, na mtu mwenye koo lililovimba anaweza kupaliwa. Wape kazi ya kufanya: mmoja aite gari, mmoja asimame barabarani, mmoja apige simu hospitali kueleza kwamba mgonjwa wa mzio mkali anakuja na anahitaji adrenalini. Ukifika mlangoni sema neno hilo kwanza, adrenalini, kabla ya historia yote.

Baada ya dawa, hata akiwa anacheka, kaeni hospitali mpaka daktari awaruhusu. Mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kula tena kitu, na wakati huo ni bora uwe karibu na wenye sindano kuliko uwe kwenye daladala ya kurudi Paje.

Kilichobaki cha chakula kifunge kwenye mfuko, na uandike pale pale alikula nini, saa ngapi, na dalili ya kwanza ilikuwa ipi. Daktari atauliza, na wewe kwa hofu utasahau. Kalamu iliyotumika itafutie badala yake kabla hamjala nje tena. Kisha, baada ya siku chache ukitulia, rudi kwa mpishi. Mimi nilirudi kwenye lile duka la juisi. Nilimwonesha kijana picha ya midomo ya mwanangu ilivyokuwa siku ile, na tukasimama pamoja mbele ya blenda yake nikamwonesha pale chini, kwenye mpira ulioko kwenye visu, njugu zinapojificha. Sasa ana blenda mbili, na ya njugu ameifunga utepe mwekundu.